Kalamu mpya ya wino na mikwaruzo yake: namna ya kuifurahia na kuitunza

Umenunua kalamu ya wino, ile yenye nibu, yaani ncha ya metali yenye ufa, au umezawadiwa siku ya mahafali. Utaiandikia kwa furaha, kisha siku moja utauona: mstari mwembamba ubavuni, unaojitokeza ukiigeuza kwenye mwanga. Hapo wengi hufanya moja kati ya mawili. Ama huirudisha kwenye boksi wasiiguse tena, ama huchukua dawa ya meno na kitambaa wakaanza kusugua. Yote mawili yanaidhulumu kalamu. Imetengenezwa iandike kila siku kwa miaka mingi, na mikwaruzo mingi midogo hutoka kwa kuoshwa tu, mingine hupungua kwa kazi ya nusu saa, na mingine dawa yake ni kuiacha. Lililo muhimu ni kujua wako ni wa kundi gani kabla hujaugusa.

Naanza na kuandika, kwa sababu asiyeonja raha ya kalamu hii hataona kwa nini ahangaike na mkwaruzo.

Kwanza ikague, ikiwa bado haijaingia wino

Isogeze dirishani na uizungushe polepole. Bandua karatasi nyembamba ya plastiki kama imefunikwa nayo, maana mara nyingi mistari unayoiona iko juu ya hiyo karatasi. Ukikuta mkwaruzo wa kweli kwenye kalamu iliyotoka dukani leo, piga picha na uirudishe. Usiisugue. Duka likiona wino ndani au alama za kusuguliwa, litakuwa na haki ya kukataa, nawe utabaki na kalamu isiyokuridhisha ambayo hukuiharibu wewe.

Ikikaguliwa ikapita, endelea.

Kuisafisha, kuijaza na kuiandikia

1. Fungua kiwiliwili kwa kukizungusha, uitoe sehemu ya mbele yenye nibu. Pitisha maji ya baridi ndani yake mara kadhaa, yakiwa na tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, kisha maji matupu. Baadhi ya kalamu hutoka kiwandani zikiwa na mabaki ya mafuta ya mashine, na mafuta hayo huufanya wino ukatekate. Usitumie maji ya moto. Plastiki ya ndani hujipinda.

2. Jua kalamu yako inakula katriji gani, yaani kile kijichupa cha plastiki kinachouzwa kikiwa na wino ndani. Parker, Lamy, Pilot na Sheaffer kila moja ina katriji ya umbo lake, na ya moja haiingii vizuri kwenye nyingine. Pelikan, Kaweco na kalamu nyingine nyingi za Ulaya hutumia ile fupi ya kimataifa. Kosa la kununua pakiti isiyoingia ni la kawaida sana, kwa hiyo nenda dukani na kalamu yenyewe.

3. Ukiweza, nunua konvata, yaani kile kipampu kidogo cha kunyonya wino kutoka kwenye chupa. Ichovye nibu yote mpaka izame na kitundu chake, zungusha kitasa cha konvata ili inyonye, rudisha matone mawili matatu chupani, kisha ielekeze nibu juu na unyonye hewa kidogo. Futa nibu na shingo yake. Wino wa chupa unatoka nafuu kuliko katriji kwa mtu anayeandika sana, na unachagua rangi unayoitaka.

4. Tia wino wa kalamu za nibu tu. Wino wa mihuri, wino wa printa na wino mweusi wa kuchorea wenye shelaki (utomvu unaotumika kwenye vanishi) huganda kwenye njia nyembamba za ndani, na shelaki ikishakauka kalamu huenda isiponywe na maji. Kwa anayeanza, wino wa buluu unaofulika ndio salama zaidi. Quink ya Parker, iliyoanza kuuzwa 1931, bado inapatikana na haina fujo. Ukidondokea kanzu au shati jeupe, suuza hapo hapo kwa maji ya baridi mengi kabla ya kufikiria sabuni.

5. Sasa andika, na usikandamize. Hapa ndipo mkono uliozoea peni ya kawaida unapohitaji kufundishwa upya. Ile peni ina kigololo kinachohitaji kusukumwa ili kizunguke. Nibu haihitaji nguvu, kwa sababu wino hushuka wenyewe kupitia ufa wake mara tu ncha inapogusa karatasi. Ilaze kalamu kwa pembe ya kati, ufa ukitazama juu, uishike kwa ulegevu kiasi kwamba mtu akiivuta itatoka. Andika ukurasa mzima hivyo. Utahisi bega likishuka, na mkono uliokuwa ukichoka baada ya kurasa mbili utafika ya tano bila malalamiko. Mwanafunzi anayenakili sana, karani, mwalimu mwenye lundo la kusahihisha: hawa ndio watakaoona tofauti mapema kuliko wote.

Karatasi nayo ina neno. Daftari za shule zenye karatasi nyepesi hunywa wino, herufi zikaota manyoya na upande wa pili ukachafuka. Kwa karatasi hizo tumia nibu nyembamba, yenye alama F au EF. Nibu za Kijapani huwa nyembamba kuliko za Kijerumani hata zikiwa na alama ileile, kwa hiyo F ya Pilot itakaa vizuri mahali ambapo F ya Lamy inalowesha. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 mara nyingi inatosha kwa barua na maelezo ya mkutano.

Ukinyamaza kuandika kwa dakika chache, funika. Chini ya feni au kiyoyozi nibu hukauka haraka. Na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani: hewa iliyomo ndani hutanuka na kuusukuma wino nje, ukafungua kifuniko ukakuta bwawa. Hilo hutokea pia unapopanda kutoka pwani kwenda miji ya juu kama Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, au unapopaa kwa ndege. Isafirishe nibu ikitazama juu, ikiwa imejaa kabisa au tupu kabisa.

Mikwaruzo inatoka wapi

Funguo na sarafu mfukoni ndizo zinazolaumiwa, na kweli zinakwaruza. Lakini adui mkubwa wa kalamu katika miji yetu ni vumbi. Mchanga mwingi ni madini ya kwatzi, na kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, juu ya chuma cha kawaida na mbali kabisa juu ya plastiki yoyote. Ukiifuta kalamu yenye vumbi kwa pindo la shati, umeisugua kwa msasa. Ile mistari myembamba isiyohesabika, iliyozunguka kama utando wa buibui ukimulika taa, kwa sehemu kubwa imeletwa na kufuta kukavu.

Chanzo cha pili ni kuchomeka kifuniko kwenye mkia wa kalamu wakati wa kuandika. Mdomo wa kifuniko huacha duara palepale kila siku. Kama kalamu yako ni ndefu ya kutosha bila hicho kifuniko, kiweke mezani.

Kabla ya kusugua: huo ni mkwaruzo kweli?

Toa konvata, suuza wino wote, kisha iache kalamu itiririkiwe na maji ili mchanga uondoke bila kuburuzwa. Paka maji ya sabuni kwa kidole, suuza, na uikaushe kwa kuikandakanda na kitambaa safi cha kufutia miwani. Sehemu kubwa ya "mikwaruzo" itakuwa imekwisha hapo, kwa sababu ilikuwa jasho, mafuta ya ngozi, au rangi iliyoachwa na kitu kingine kilichogusana na kalamu.

Kilichobaki kipime kwa ukucha. Pitisha ukucha kukatisha mstari, bila kukandamiza. Usiponasa, mkwaruzo uko juujuu na kuna matumaini. Ukinasa, ni wa kina, na kuufuta maana yake ni kuishusha plastiki yote inayouzunguka mpaka ifike chini ya huo mfereji. Kwa kalamu unayoitumia, ushauri wangu ni uuache. Kila msuguo unaondoa mwili wa kalamu, na mwili huo haurudi.

Halafu jiulize kalamu imetengenezwa kwa nini. Swali hili lina uzito kuliko dawa yoyote utakayonunua.

*Plastiki nzima inayong'aa.* Hapa rangi imo ndani mpaka upande wa pili. Lamy Safari, kalamu ya Kijerumani iliyotoka 1980, ni ya plastiki ya ABS (zipo pia zisizong'aa, na hizo ni za kundi linalofuata). Parker 51 za zamani, zilizoanza 1941, ni za akriliki. Hizi ndizo zinazokubali kung'arishwa, na hatua zake ziko hapa chini.

*Plastiki au chuma kisichong'aa.* Ukisugua mahali pamoja patang'aa, na doa linalong'aa kwenye mwili uliofifia linaonekana kuliko mkwaruzo wenyewe. Usiguse. Lamy 2000, ambayo tangu 1966 imetengenezwa kwa plastiki ngumu ya polikaboneti yenye nyuzi za kioo na kuachiwa mistari midogo ya brashi, inazidi kupendeza kwa mafuta ya mkono. Mikwaruzo midogo inapotea ndani ya mistari hiyo kadiri unavyoandika.

*Shaba nyeupe au chuma chenye rangi juu.* Kalamu nyingi za zawadi zenye uzito mkononi ni za namna hii, zikiwemo Parker IM na Pilot Metropolitan. Rangi ni utando mwembamba. Ukiisugua utakutana na metali, na hapo hakuna kurudi. Paka nta safi isiyo na chembe za kusugulia, ile ya magari inafaa, acha ikauke kidogo, kisha futa. Nta hujaza mstari usionekane sana, nawe utairudia ikiisha.

*Alumini iliyotiwa rangi kwa njia ya umeme,* kama Lamy AL-Star. Rangi yake ni utando mwembamba sana. Iache.

*Sehemu zilizochovywa dhahabu.* Klipu, pete, mara nyingine na nibu. Dhahabu hiyo ni nyembamba kupindukia, na Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, inaweza kuikwangua yote. Kitambaa kikavu kilicho safi, basi.

*Shaba tupu isiyo na rangi wala vanishi.* Hii ikichakaa inakuwa nzuri. Anayeitaka ing'ae atumie Brasso kidogo, lakini mimi ningeiacha ipate rangi yake ya mkono.

*Kalamu za kale za eboniti (mpira mgumu) au seluloidi (plastiki ya zamani).* Eboniti ikilowekwa inageuka kahawia, na seluloidi inashika moto upesi. Kalamu ya babu isiwe mahali pa kujifunzia. Mpelekee fundi anayezijua.

Kung'arisha plastiki inayong'aa, hatua kwa hatua

Utahitaji dawa ya kung'arisha plastiki, ile iliyoandikwa wazi kuwa ni ya plastiki au akriliki. Vitambaa viwili vya kufutia miwani. Selotepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Na taa moja unayoweza kuisogeza. Vipande vya Micro-Mesh, msasa laini sana wa kung'arishia, vitahitajika tu kama dawa peke yake haitoshi.

1. Kalamu iwe tupu, safi na kavu. Toa sehemu ya nibu uiweke mbali kabisa, ili dawa isiingie kwenye njia ya wino.

2. Funika kwa selotepu klipu, pete, na maandishi yaliyochongwa. Maandishi hayo ni ya kwanza kufutika, na kwa kalamu ya zamani ndiyo yanayoipa thamani.

3. Jaribu mahali pasipoonekana. Sehemu ya kiwiliwili inayofichwa na kifuniko inafaa.

4. Weka dawa kiasi cha punje ya mchele kwenye kitambaa, si kwenye kalamu. Sugua kwa miduara midogo, kwa mkono mwepesi, nusu dakika tu. Futa kwa kitambaa cha pili, leta taa kutoka ubavuni, tazama. Rudia kama kuna nafuu. Mistari ya nywele nyingi inaishia hapa, na ikiishia hapa, simama.

5. Kama mkwaruzo unaonekana bado lakini ukucha haunasi, chukua Micro-Mesh. Elewa namba zake: hazilingani na za msasa wa dukani. Micro-Mesh namba 1500 inakaribia msasa wa kawaida wa 400, yaani ni kali mno kwa kazi hii. Anza na 6000, ikiwa imeloa maji. Ikishindwa ndipo ushuke 4000. Ukishashuka, lazima upande tena hatua kwa hatua: 4000, 6000, 8000, 12000.

6. Kila namba ipeleke mwelekeo wake. Ya kwanza kwa urefu wa kalamu, inayofuata kwa kukatisha, na hivyo hivyo. Kwa njia hiyo utaona wazi kama mistari ya namba iliyotangulia imekwisha kabla ya kusonga mbele. Anayeruka hatua hii huishia na ukungu ambao haelewi umetoka wapi. Suuza kalamu kila unapobadili kipande, kwa sababu chembe moja ya namba ya chini ikibaki itachora upya kazi yote.

7. Sugua eneo pana kidogo kuliko mkwaruzo, ukififisha nguvu kuelekea pembeni, pasije pakatokea bonde. Epuka kona na nyuzi za skrubu za kufungia kalamu.

8. Malizia na dawa ya plastiki, osha kwa maji ya sabuni, kausha.

Yote haya kwa mkono. Usitumie mashine ndogo za kuzunguka hata ukiwa na haraka. Joto la msuguo huiyeyusha plastiki kwa sekunde chache. Na weka mbali spiriti, petroli, tina ya kuzimulia rangi na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Asetoni huyeyusha ABS, na spiriti inaweza kuipasua plastiki angavu.

Dawa ya meno inatajwa kila mahali, kwa hiyo niiseme wazi: usiitumie. Imetengenezwa kwa ajili ya jino, lililo gumu kuliko plastiki, na ukubwa wa chembe zake hutofautiana kutoka tyubu moja hadi nyingine. Inaweza kupunguza mstari mmoja mzito na kukuachia ukungu wa mistari mia. Msasa wa maji wa fundi wa rangi za magari nao, hata ule wa 2000, uache kwake.

Kama kinachokwaruza ni nibu

Kalamu mpya ikiparuza karatasi, usikimbilie kununua nyingine, wala usiisugue nibu kwenye msasa. Kwenye ncha kuna kidonge kidogo cha metali ngumu sana, aloi za jamii ya osimiamu na rutheniamu. Kidonge hicho ndicho maisha ya nibu. Kikiisha, nibu imekwisha.

Chukua kioo cha kukuzia, itazame ncha kwa mbele. Inatakiwa uone nusu mbili zikiwa usawa mmoja. Mara nyingi moja imepanda juu ya nyingine, na hiyo ndiyo inayoparuza ukielekea upande fulani tu. Kwa ukucha wa kidole gumba, ikandamize taratibu ile iliyopanda kuelekea chini, hesabu mpaka tatu, achia, tazama, andika. Rudia kidogo kidogo. Zikilingana na bado kuna ukavu, osha kalamu kwanza, kisha badili wino au karatasi kabla ya kuilaumu nibu. Zikishindikana, na kalamu bado ina waranti, irudishe.

Isikwaruzwe tena

Ioshe kila unapobadili rangi ya wino, na walau mara moja kwa mwezi au miezi miwili. Ikiwa na vumbi, maji kwanza, kitambaa baadaye. Mfuko wa kifua wenye kalamu usiwekwe kitu kingine, na kwenye mkoba isilale pamoja na chaja na funguo. Mpelekee fundi cherehani kipande cha flaneli akushonee mfuko mwembamba, urefu wa kalamu na inchi moja ya kukunja, mshono ukiwa upande wa nje ili usiiguse. Kama una kalamu mbili, mwambie apitishe mshono katikati, kila moja iwe na chumba chake. Mfuko huo ufue kila mwezi, ukiwa umegeuzwa ndani nje, maana mchanga ukiingia humo utaendelea kukwaruza hata kalamu ikiwa imelala.